Kamba Isiyowahi Kubeba Mtu

Harufu ilimpokea Inspekta Eufrasia Ndunguru kabla ya binadamu yeyote. Ilitoka kwenye masanduku ya mbao nyuma ya jengo, ambamo kakao mbichi ilikuwa imefunikwa majani ya migomba ivunde kwanza kabla ya kuanikwa juani, na ilikuwa na ukali wa pombe iliyochacha. Wenyeji wa Ipinda hawaisikii tena. Eufrasia alikuwa amehamishiwa Kyela kutoka Songea mwaka uliopita tu, na pua yake ilikuwa bado haijazoea.

Ndani kulikuwa na harufu nyingine, ya sabuni ya unga. Mtu alikuwa amepiga deki.

"Nani amesafisha hapa?"

"Mimi, afande." Kocha Humphrey Mbelwa alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na suti yake ya michezo ya buluu, kiganjani ana karanga za kukaanga, akizirusha mdomoni moja moja. "Damu inaita nzi. Na vijana wangu wanaogopa."

"Niliagiza pasiguswe."

"Uliagiza, kweli. Lakini Jumamosi nina wageni." Akatafuna. "Pole na kazi."

Eufrasia hakuipokea pole hiyo. Kazi ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kuvumilia walevi, wezi wa kuku na waongo wa kila daraja, lakini mtu anayekula karanga mahali alipofia mwanafunzi wake alikuwa somo jipya, na somo lenyewe lilimchefua.

Jengo hilo lilikuwa ghala la kakao lililoachwa, mpaka Humphrey, aliyeacha ualimu wa michezo, alipoligeuza ukumbi wa jimnastiki. Alileta magodoro, akachonga farasi wa mbao wa kurukia, na katikati, kwenye boriti ya chuma ya paa, akatundika kamba mbili zenye pete za mbao mwishoni. Vijana wa Ipinda walijifunza humo mambo ambayo wazazi wao waliyatazama wakiwa wamefumba jicho moja. Fundi kuliko wote alikuwa Lusungu, wa miaka ishirini na miwili. Juzi jioni Lusungu alikutwa chini ya pete hizo, shingo imevunjika.

Maelezo ya Humphrey yalikuwa mafupi. Yeye alikuwa ofisini. Kijana aliingia amelewa, akapanda pete peke yake, akaachia. Kishindo kikasikika, kocha akatoka mbio, akakuta roho imeshatoka.

Neno hilo, akaachia, lilikuwa limeshaizunguka Ipinda yote na kufika mashambani. Mzee wa kanisa alikuwa ameshatamka kwamba mchungaji hatasimama kumwombea mlevi. Na kwa desturi, kabla jeneza halijashushwa, mtu husimama na karatasi na kusoma historia ya marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alikufaje. Kinachosomwa hapo ndicho ukoo unachoondoka nacho, na hakifutiki. Historia ya Lusungu ilikuwa imeandikwa na Humphrey mwenyewe, aliyeombwa kwa heshima kama mlezi wake, na ingesomwa alasiri hiyo hiyo.

Ndiyo maana mama yake, Tusajigwe, alikuwa amefika kituoni alfajiri akiwa na matope ya shamba la mpunga bado miguuni.

"Mwanangu hanywi, afande," alisema. Hakulia. "Na toka mdogo, akishika kitu haachii. Wakimsomea kwamba aliachia kwa ulevi, nitakuwa nimemzika mara mbili."

"Mazishi hayawezi kusogezwa, mama?"

"Ndugu wameshafika kutoka Tukuyu. Ng'ombe ameshachinjwa. Mimi ni mwanamke mmoja, siwezi kuuzuia msiba. Wewe unaweza kuniletea kweli kabla ya saa tisa."

Eufrasia hakumwahidi. Lakini alikuja ukumbini bila kunywa chai.

"Nieleze Lusungu alikuwa anafanya nini pale juu," alimwambia Humphrey sasa. "Mimi michezo yangu iliishia kwenye netiboli."

Humphrey akachangamka. Wako walimu ambao hata uwakute msibani watakuomba chaki. Akafuta chumvi ya karanga kwenye suruali, akasogea chini ya pete.

"Hii si bembea, afande. Kwenye bembea umekaa, mbao inakubeba. Hapa pete zenyewe zinatembea. Mwili ukienda mbele, pete zinarudi nyuma. Mwili ukirudi, zinakwenda mbele. Mwanafunzi mjinga anapigana nazo, anachoka. Fundi anaziacha zipite, halafu akifika chini anazitanua hivi." Alifungua mikono pembeni polepole, na kwa dakika hiyo alikuwa mwalimu kweli. "Anazitanua ili mshtuko usimpige wote kwa pamoja. Lusungu alikuwa anasimama kwa mikono, miguu darini. Anajiacha aanguke kwa nyuma, mwili umenyooka, anapita chini, anapanda tena mpaka juu. Mzunguko mzima. Mkoa huu hakuna mwingine."

"Uzito unakuwa wapi?"

"Juu hakuna shida, juu unabeba mwili wako tu. Ukianza kushuka, mwendo unazaa uzito. Ukipita chini kabisa, mikono inabeba kama watu wanane wa kimo chako wamening'inia miguuni. Wataalamu wamepima."

"Na yeye aliachia wapi?"

"Chini hapo hapo. Uzito umekuja, pombe imelegeza vidole. Akaachia."

"Anayeachia chini kabisa anaangukia wapi?"

Humphrey alifungua mdomo ili afundishe, kisha akaufunga.

"Anaangukia mbele," alisema Koplo Ambwene kutoka mlangoni. Ambwene alikuwa mzaliwa wa Ipinda, mrefu, asiyependa maneno mengi. "Utotoni tulikuwa tunafukuza ndege wa mpunga kwa kombeo. Jiwe likichomoka haliangukii miguuni kwako. Linaruka."

Eufrasia alionyesha sakafu kwa ncha ya kiatu, mahali ambapo saruji bado ilikuwa na unyevu wa deki. Palikuwa chini ya pete kabisa, ukingoni mwa godoro, kulia kidogo. "Yeye alikuwa hapa. Hakuruka."

"Basi aliachia juu," Humphrey alisema. "Alipokuwa wima. Akashuka na kichwa."

"Sasa hivi ilikuwa chini."

"Sikuwepo, afande. Nakisia."

"Uliapa kwenye maelezo, hukukisia."

Kocha akatupa karanga nyingine mdomoni. Eufrasia aliitazama taya ile ikisaga, akakumbuka aliyoambiwa jana jioni na Daktari Wema, aliyeufanyia mwili uchunguzi kabla ndugu hawajauchukua. Daktari alizungumza huku akinawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu.

Bega la kulia, alisema, limetoka mahali pake na misuli yake imechanika. Kiganja cha kulia ngozi imebanduka, cha kushoto ni kizima. Kwenye mbavu za kushoto kuna alama ya mviringo, kama amepigwa na ukingo wa bakuli. Tumboni hakuna pombe hata tone, ila shati limelowa gongo. Aliyekunywa ni shati. Na kuna jambo moja daktari hakulielewa. Kooni mwa marehemu palikuwa na udongo mweupe uliochanganyika na damu.

Udongo wenyewe haukuwa wa ajabu. Ulikuwa kwenye beseni ukutani: udongo ule mweupe ambao wanawake wa Ikombe hupambia vyungu vyao. Poda ya dukani iliagizwa mbali, kwa hiyo vijana walikuwa wakiuleta udongo huo kwa mtumbwi mpaka Matema, wakautwanga na kujipaka viganjani usije mkono ukateleza. Kiganjani una kazi yake. Kooni haukuwa na kazi.

Eufrasia akaupanga ushahidi kwa vipimo vya Humphrey mwenyewe. Kama juu unabeba mwili wako tu, anayeachia juu bega lake halichaniki. Kama bega limechanika, lilichanika chini, kwenye uzito wa watu wanane. Na kama mikono yote miwili ingeachia pale, kijana angerushwa mbele. Ilibaki njia moja. Upande wa kushoto uliondoka, na wa kulia ukabaki umeshika peke yake.

"Koplo, mlete Nelson."

Nelson alikuwa wa pili kwa ufundi ukumbini, na ndiye aliyempotezea Eufrasia siku nzima ya jana. Humphrey alikuwa amemnong'oneza kwamba kijana huyo alimwonea wivu mwenzake na sasa ametoweka. Eufrasia akamfuata mpaka Kasumulu, akamkuta kwenye foleni ya forodha amebeba begi dogo, bado kidogo avuke mto Songwe kwenda Malawi. Kuanzia hapo hadi usiku hakutamka neno. Leo, alipoingizwa ukumbini na kuona saruji yenye unyevu, alisimama kama mtu aliyeingia kanisani na kukuta watu wanacheza karata.

"Huyo hapo," Humphrey alisema. "Asiye na kosa anakimbilia mpakani?"

"Nelson," Eufrasia alisema. "Nani alikwambia ukimbie?"

Kijana alimtazama kocha, akatazama pete, akaamua. "Yeye. Alinipigia simu. Alisema polisi wanasema nimepaka grisi kwenye pete, nivuke haraka, atanitafuta mambo yakipoa."

"Nilimtahadharisha tu," Humphrey alisema. "Ni mwanangu wa kimichezo."

"Na Lusungu?" Nelson aliuliza. "Huyo alikuwa nani wako?"

Eufrasia alimsogelea kijana. "Niambie habari za kamba hizi."

"Ya kushoto ilikuwa imelika huko juu, kwenye ndoano. Tulimwambia mimi na Lusungu. Zamani juu kulikuwa na mpira wa tyubu ya lori, tumeukunja mara nyingi, kati ya kamba na ndoano. Ukipita chini, ule mpira unavutika kidogo, bega linapumua. Kocha akautoa."

"Mpira unafanya pete zitetemeke," Humphrey alisema. "Tulikuwa tunarekodi video ya wageni. Pete zinazotetemeka zinaonekana za watoto. Na huyu anaongopa, kamba zote mbili nilizibadilisha kabla ya masika. Zimepandwa msimu mzima."

"Ukibadilisha kamba," Eufrasia alimuuliza Nelson, "mnapanda siku hiyo hiyo?"

Kijana alimshangaa. "Hapana, afande. Kamba mpya haipandi mtu. Tunaizoeza kwanza. Tunaining'inizia gunia la mpunga kwa siku kadhaa, tukipita tunalisukuma. Kamba mpya inavutika na fundo linajikaza. Usipoizoeza, pete ya upande ule inashuka chini ya mwenzake. Ukizunguka, mwili unapinda. Kila mtu hapa analijua hilo."

"Kocha, ni kweli?"

"Ni kweli," Humphrey alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha."

Eufrasia aliinua macho. Kamba ya kulia ilikuwa nyeupe karibu na pete, mahali mikono inapogusa, na kadiri ilivyopanda ikawa na rangi ya chai, rangi ya jasho na moshi. Ya kushoto ilikuwa nyeupe toka chini mpaka kwenye ndoano. Nani alijipaka udongo viganjani akaenda kushika kamba kule juu darini?

"Koplo," alisema, "tafuta gunia la mpunga. Lililojaa."

Ipinda hutafuti gunia la mpunga, unachagua tu. Ambwene alirudi na la jirani, akisaidiwa na mwenye nalo aliyetaka sana kubaki na akaombwa kwa upole asibaki. Kabla ya yote Eufrasia aliwaita wote watatu, akalaza ufito juu ya pete mbili. Ufito ulilala sawa.

"Pete ziko sawa. Tumeona wote?"

"Tumeona," alisema Ambwene.

"Kocha?"

"Naona. Sijui unatafuta nini."

Walilifunga gunia kwenye pete zote mbili kwa kamba fupi. Nelson na koplo wakalivuta kwa nyuma, wakalipandisha mpaka juu ya marundo ya magodoro, karibu na usawa wa boriti. Humphrey alikuwa ameacha kutafuna.

"Achieni."

Gunia likashuka. Lilianza taratibu, kana kwamba halina haja, kisha likakusanya mwendo, na lilipopita chini kabisa boriti iliguna na kamba zote mbili zikalia. Likapanda upande wa pili, likasita, likarudi. Kila lilipopita chini boriti iliguna. Eufrasia alielewa kwa mwili wake kitu ambacho masikio yalikuwa yamekisikia tu: pale ndipo Lusungu alipokuwa akipita, siku baada ya siku, kwa vidole na bega.

Ndipo alipoona vumbi.

Lilitoka kwenye kamba ya kushoto, toka juu kabisa, kila mara boriti ilipotikisika. Lilikuja chini polepole kama unga unaochekechwa, likautuliza weupe wake juu ya saruji yenye unyevu, mahali pale pale alipokuwa ameonyesha kwa kiatu. Kamba ya kulia haikumwaga chochote.

Gunia likatulia. Ambwene akalifungua, akaulaza ufito tena juu ya pete. Uliteremka upande wa kushoto. Pete ya kushoto ilikuwa imeshuka upana wa kiganja.

"Imevutika," Nelson alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo haijazoezwa. Hiyo hajaipanda mtu."

"Msimu mzima, kocha?" Eufrasia aliuliza.

Humphrey alitazama pete. Uso wake ulikuwa wa mwalimu anayetafuta kosa kwenye hesabu ya mwanafunzi na kukuta haina kosa. "Nilibadilisha baada ya ajali," alisema mwishowe. "Kwa usalama. Asubuhi yake."

"Toka usiku ule mpaka asubuhi yake koplo alikuwa mlangoni akilinda."

"Basi jioni ile. Baada ya kumkuta. Nilichanganyikiwa, afande. Ile ya zamani ilikatika, ndiyo, sikatai, kamba hukatika. Nikajua watasema ni mimi. Ukumbi utafungwa. Jumamosi wageni wanakuja kutoka nje kuchagua vijana wanne wakafanye sarakasi kwenye mahoteli. Vijana wanne wa Ipinda! Lusungu alikuwa ameshakufa. Kumsema vibaya maiti hakumzidishii kifo."

Alizungumza vizuri, na kama Eufrasia asingekuwa anaukumbuka udongo ule wa kooni angemwona mwoga wa kawaida, aina ambayo magereza yanaijua. Lakini vumbi lilikuwa bado likielea kwenye mwanga wa dirishani, na sasa alijua limefikaje kooni.

"Uliweka ngazi," alisema. "Ukapanda. Ukafungua kipande kilichobaki. Ukafunga kamba mpya, ukahamisha pete, ukazilinganisha vizuri, maana wewe ni fundi. Halafu ukaona kamba ni mpya mno, ukashuka kuchukua udongo, ukapanda tena ukaipaka mpaka juu. Si ndiyo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na muda wote huo yeye alikuwa chini ya ngazi. Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anakoroma tu," Humphrey alisema.

Nelson aliketi chini kwenye saruji. Humphrey mwenyewe alichelewa kidogo kusikia alichokisema, na alipokisikia akaanza kuyafukuza maneno yake kwa maneno mengine.

"Alikuwa hawezi kupona. Mimi naijua shingo, nimesomea. Ningempeleka hospitali angefia njiani, ingesaidia nini? Hakuwa na fahamu. Nilimfunika hata..."

"Ulimmwagia gongo," alisema Eufrasia. "Akiwa anapumua. Kisha udongo ulioupaka kule juu ukamwangukia usoni, naye akauvuta."

Hakupiga kelele. La kuvunda halina ubani, wahenga walisema, na huyu mtu alikuwa amejaribu sabuni ya unga, gongo, udongo na sasa vijana wanne wa Ipinda. Kilichomchefua kuliko vyote ni umakini. Woga ungemfanya mtu akimbie. Huyu alilinganisha pete.

"Kipande cha zamani kiko wapi?"

Humphrey alionyesha kwa kidevu, upande wa nyuma.

Masanduku ya kakao yalikuwa yamefunikwa majani yaliyoiva kwa joto mpaka yakawa meusi. Moja tu lilikuwa na majani mabichi juu. Ambwene alitaka kuingiza mkono, Eufrasia akamzuia. Alivaa glovu mwenyewe, akazamisha mkono mpaka kiwiko kwenye uji wa moto, wenye utelezi, uliokuwa ukichemka bila moto. Alivua kamba kutoka humo kama mtu anayetoa utumbo. Mwisho mmoja ulikuwa umekatwa kwa kisu. Wa pili ulikuwa umelika, nyuzi zimesagika kwa kutu ya ndoano, zote isipokuwa chache zilizokatika karibuni na bado zilikuwa na weupe wa ndani.

Alisimama pale akidondosha maji ya kakao kwenye viatu vyake, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Kyela aliiona harufu ile kuwa safi. Kakao ilivunda hadharani.

"Mfunge pingu," alimwambia koplo. "Na ukimfikisha kituoni, pita kwa mchungaji. Mwambie nimesema aje. Asipotaka, mwambie nitakuja kumweleza mwenyewe mbele ya waumini wake."

"Atakuja," Ambwene alisema.

Msibani wanaume walikuwa kwenye mabenchi chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka ndani na nje. Eufrasia alisalimia kwa lugha ya pale, "Mwagonile," wakamwitikia kwa mshangao kidogo, wakampisha. Alikuwa amenawa mara mbili lakini mkono bado ulinuka. Tusajigwe alikuwa chumbani, ameketi kando ya jeneza, mgongo wima.

Eufrasia akapiga magoti mkekani. "Mama, hakuachia," alisema. "Kamba ya kushoto ilikatika akiwa chini kabisa, kwenye uzito. Ile pete ikampiga mbavuni. Mkono wa kulia uliendelea kushika peke yake mpaka bega likatoka. Na hakunywa kitu. Kocha amekamatwa, alibadilisha kamba ili alifiche."

Tusajigwe alimshukuru kwa lugha yake. "Ndaga," alisema. "Ndaga fijo. Kwamba hakuachia, hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nangoja ulijue na wewe."

Kisha akanyoosha shuka lililofunika jeneza, ingawa lilikuwa limenyooka.

"Jana tulipomwosha nilimfungua kinywa mwenyewe," alisema. "Sikutaka mtu mwingine aone. Kilikuwa na udongo mpaka nyuma ya ulimi. Udongo wa Ikombe, naujua, dada zangu wanapambia vyungu. Nimeosha maiti wengi hapa, afande. Maiti hamezi."

Njia nzima kutoka ukumbini Eufrasia alikuwa amejipangia maneno ya kulikwepa jambo hilo, liende mahakamani, lisemwe na daktari, siku nyingine. Maneno yote yakamkimbia. "Hapana, mama. Hamezi."

"Basi alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Na kocha wake alikuwa juu yake, kwenye kamba."

"Ndiyo, mama."

"Kwa muda gani?"

Kosa la kudanganya lilikuwa karibu, tena lenye huruma, na nyumba hii ilikuwa imeshapewa uongo wa kutosha. "Muda wa kubadilisha kamba," Eufrasia alisema.

Tusajigwe aliinamisha kichwa mara moja tu, kama mtu aliyepokea mzigo na kuukadiria. Nje mabenchi yalisogezwa. Mchungaji alikuwa amefika, na mjomba wa marehemu, aliyepewa kazi ya kusoma, alisikika akikohoa kusafisha koo. Mama alinyanyuka. Alitoka mpaka mlangoni, Eufrasia nyuma yake, akamnyang'anya kaka yake karatasi ya Humphrey bila kuitazama, akaikunja na kuitia kifuani mwa Eufrasia, mfukoni mwa sare.

"Hiyo nayo ni yako," alisema.

"Sasa nisome nini?" mjomba aliuliza, mikono mitupu mbele ya watu wote wale.

"Husomi. Utasema kwa kichwa chako. Alizaliwa hapa, alisoma hapa." Akageuka kulitazama jeneza lililokuwa likitolewa mlangoni. "Na ukifika mwisho wake, sema alishika."